Kabla hujatoa mamilioni kwa picha, igeuze kwanza uone mgongo

Hii naandika kwa yeyote ambaye mambo yameanza kumkalia vizuri na sasa anataka kununua picha ya maana, sio ya kuziba ukuta mtupu, namaanisha picha ya jina, ile muuzaji anakutajia mchoraji, anakutajia mwaka, halafu akitaja bei inabidi ukae chini kwanza. Mimi ni fundi fremu hapa Dar, mwaka wa 19 huu, na kazi hii imenipa kitu ambacho wanunuzi wengi hawanaga, picha huwa naiona mgongo. Wewe unaiona ikiwa ukutani imepigwa taa. Mimi nailaza kifudifudi mezani, nang'oa misumari, nafuta vumbi la miaka na brashi, na huko nyuma ndiko muuzaji alikosahau kujiandaa.

Nimeona watu wazima wenye akili zao wakilizwa, watu wenye maduka, wenye viwanja Mbezi, wakurugenzi kabisa. Sio wajinga hata kidogo. Shida ni kwamba tapeli wa picha hauzi rangi, anauza hadithi, na mwenye hela ni mteja mzuri wa hadithi kuliko mtu mwingine yeyote kwa sababu vitu vya kawaida anavyo tayari, anachotafuta ni kile ambacho wenzake hawana. Ukinunua kiwanja huangalii nyasi, si ndio? Unaomba hati, unaenda serikali za mtaa, unamuuliza jirani mwenye umri, unauliza kabla ya huyu alikuwa nani. Picha ni hivyohivyo, ila watu wakifika kwenye picha wanaona aibu kuuliza, wanaogopa kuonekana washamba wa sanaa. Uliza. Muuzaji wa kweli hakasirikagi ukiuliza.

Tuanze na cha nyumbani maana ndicho wengi mnachouziwa, Tingatinga ya mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 kule Tunduru, akaja mjini kutafuta maisha kama wengine, akaanza kuchora 1968, na 1972 akafa hapahapa Dar kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne ya kuchora, basi. Vijana wake wa mwanzo kina Ajaba Abdallah, January Linda, Kaspar Tedo, Simon Mpata wakaendeleza, ukaja ushirika wao wa wachoraji mwaka 1990, na mpaka leo ukienda Oysterbay unawakuta mafundi wamekaa na makopo yao ya rangi wanachora na kusaini majina yao. Hizo sio feki, na hili naomba lishike vizuri maana linawaumiza wachoraji wetu sana, mtu anayechora chui yuleyule mara hamsini na kuandika jina lake mwenyewe pale chini hajamwibia mtu, anafanya kazi yake na anastahili kulipwa. Feki ni pale mtu anapochukua kibao cha juzi, anaandika E.S. Tingatinga, halafu anaenda kutafuta mwenye hela. Hapo ameibiwa mnunuzi, ameibiwa marehemu, na ameibiwa hata huyo kijana aliyekichora kwa elfu thelathini bila kujua kinaenda kuuzwa kwa jina la nani.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni ya mwaka na haihitaji darubini. Mtu akikuletea ya mwaka 1965 au 1975, mshukuru kwa chai uondoke. Nimeshaona yenye 76 imeandikwa wazi kabisa pembeni ya saini na mwenye nayo alikuwa ameitundika miaka mingi sebuleni.

Hesabu ya pili ni kitu alichochorea. Tingatinga alichorea kwenye hadibodi, zile bodi nyembamba za dari, vipande vya mraba, vingi karibu sentimita 60 kwa 60, na rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ya kopo ya dukani, ile inayong'aa ya kupakia milango na baiskeli. Kitambaa kilikuja kushika kasi baadaye, mtalii anataka kitu cha kukunja aweke kwenye begi. Sasa mtu akikuambia hii ya kitambaa ni ya mkono wa Edward mwenyewe ya mwaka 1970, usimwite mwongo, ila maswali yako yaongezeke mara tatu.

Hadibodi yenyewe ijue kwa vidole. Ile ya kizamani upande mmoja ni laini, upande wa pili una alama ndogondogo kama umeibonyezea kwenye chekecheo, hiyo inatokana na wavu wa kiwandani maji yanapokamuliwa. MDF ya siku hizi, ile bodi ya unga wa mbao uliogandishwa na gundi, ni laini pande zote mbili, na ukiangalia ubavu wake pale ilipokatwa na msumeno ni kama karatasi ngumu, rangi ya kaki. MDF haikuwa kitu cha kuokota Dar mwaka 1970. Nakuambia hivi kwa sababu ya mama mmoja.

Alikuja asubuhi ya mvua, kibao amekizungushia khanga mbili halafu mfuko wa nailoni juu, dereva ndiye amekibeba kama kabeba mtoto. Mama mfanyabiashara, mtu wa heshima, tunaamkiana vizuri, akasema mwanangu nataka fremu nzuri ya mninga, hii ni ya Tingatinga mwenyewe, nimeipata kwa bahati, imetoka kwenye nyumba ya mzungu aliyefanya kazi hapa enzi za Mwalimu, watoto wake wanauza vitu. Ametoa milioni 14. Picha yenyewe ndege wawili na mti, imechorwa vizuri tu, sikatai, mkono uliochora pale ulikuwa mkono mzuri. Nikailaza, nikafungua. Mgongo wote kahawia, umezeeka kwa macho, lakini ile kahawia ilikuwa na michirizi, na kwenye kona ya chini ilikuwa imejikusanya halafu ikakauka ikaacha ukingo mweusi kama ramani ya ziwa, vile inavyokuaga chai ikimwagika kwenye kitambaa cha meza. Vumbi la miaka 50 halitiririki. Nikalamba kidole nikasugua, ikatoka. Chini yake kaki safi, laini. Nikageuza ubavu, kule ambako fremu ya zamani ilikuwa inafunika, nikabonyeza rangi na ukucha kidogo sana pembeni kabisa, ukucha ukaacha alama. Rangi ya mwaka 1970 ingekuwa ngumu kama sahani. Mama alikuwa amesimama pale ananiangalia, na mimi nilikaa na kile kibao mkononi nikitafuta namna ya kusema. Nikamwambia, mama, naomba ukae kwanza. Akasema, sema tu mwanangu, nimeshaona uso wako.

Namba ya dalali ikawa haipatikani, kalipwa keshi, risiti hakuna. Na yule mzungu? Hana jina. Mama hakuwahi kuambiwa jina lake na hakuuliza, alisikia "enzi za Mwalimu" basi akaona nyumba nzima kichwani, baraza, sanduku la mbao, barua za zamani. Nyumba yote ile aliijenga mwenyewe, dalali alimpa tofali moja tu.

Na usidhani ni sisi tu huku. Nenda New York, mtaa wa matajiri, kulikuwa na galari, duka la kuuzia picha, inaitwa Knoedler, imefunguliwa 1846, kongwe kuliko karibu kila kitu tunachokijua. Kuanzia miaka ya 90 akawa anakuja mwanamke anaitwa Glafira Rosales na picha za Rothko, Pollock, Motherwell, wachoraji wakubwa wa Marekani, hazijawahi kuonekana popote, anasema mwenye nazo ni tajiri asiyetaka kutajwa, amerithi kwa baba. Wakamwita Bwana X. Hadithi ya huyo Bwana X ilikuwa inabadilika kila ikiulizwa lakini picha ziliendelea kununuliwa, picha kama 60 ukijumlisha za Knoedler na za galari nyingine moja, zikauzwa jumla zaidi ya dola milioni 80. Zilikuwa zinachorwa Queens, kwenye gereji, na mhamiaji wa Kichina anaitwa Pei-Shen Qian, fundi hodari ambaye alilipwa dola elfu chache kwa kila picha. Na chai ilikuwepo kule pia, walikuwa wanatia madoa na majani ya chai ili kitambaa kionekane kizee. Mimi niliposoma hilo nilimkumbuka mama na ile kona yake.

Picha moja kati ya zile za Pollock ilikuwa na saini imeandikwa Pollok, herufi moja imeruka! Watu wenye digrii za sanaa waliiangalia wakapita. Macho yanaona kinachotarajiwa. Kwa hiyo kwenye saini usisome, nakili. Chukua karatasi uandike herufi moja moja kama unavyoiona, halafu linganisha na saini isiyo na shaka kwenye kitabu au makumbusho. Halafu chukua lenzi, hata ile ya fundi saa inatosha, angalia saini inapokutana na nyufa za rangi. Kama rangi ilipasuka na saini ikapasuka nayo, sawa. Kama wino wa saini umeteremkia ndani ya ufa, basi ufa ulikuwepo kabla ya saini, na hapo una swali la kumuuliza mtu.

Zana nyingine rahisi ni ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, ya mawakala na maduka ya kubadilishia fedha. Funga madirisha, zima taa, pitisha taratibu. Vanishi ya zamani inatoa mwanga wa kijanikijani kama ukungu, na mahali palipoguswa juzi panaonekana madoa meusi. Karatasi na nyuzi za kisasa zinawaka buluu nyeupe vile shati la shule lililofuliwa na sabuni ya unga linavyowaka, kwa sababu zimetiwa dawa ya kung'arisha ambayo ilianza kutumika kwenye karatasi na vitambaa karibu na mwaka 1950. Kwa hiyo lebo ya nyuma ikikuambia ni ya mwaka 1920 halafu inawaka kama shati, unajua la kufanya. Kwa Tingatinga kipimo hiki hakikupi jibu maana yeye ni wa baadaye, kitakusaidia zaidi kwa picha za wakoloni, ramani za pwani, michoro ya wasafiri, vitu vinavyouzwa sana Zanzibar kama vya karne ya 19.

Skrubu nazo uziangalie. Skrubu za nyota zilianza kutumika miaka ya 1930, na pini za stepo nyuma ya kitambaa ni mambo ya karibuni zaidi, zamani walipiga vijimisumari. Lakini tahadhari, fremu inabadilishwa, mimi mwenyewe nabadilisha kila siku, kwa hiyo skrubu mpya kwenye picha ya zamani sio kesi. Inakuwa kesi pale muuzaji anapoapa kwamba haijawahi kuguswa.

Harufu usiidharau. Ifunge picha kwenye nailoni usiku mmoja, asubuhi fungua tundu dogo unuse. Rangi ya mafuta ya mwaka huu bado inatoa harufu ya tina hata kama kwa mkono umeona imekauka. Mimi nimeshakamata mbili kwa pua tu.

Sasa kuna vitu usivifanye. Usipake spiriti, usikwangue uso, usiloweshe, utaharibu ya kweli ukiitafuta feki. Hayo waachie mafundi wa kukarabati picha wa makumbusho. Tena hata kipimo cha spiriti kina historia yake ya kusikitisha. Uholanzi kulikuwa na mchoraji Han van Meegeren, alikuwa na hasira na wakosoaji waliomwona hana kitu, akaamua kumchora Vermeer, fundi wa karne ya 17 mwenye picha chache sana duniani. Alijua wataalamu wanapitisha pamba yenye spiriti kuona kama rangi inayeyuka, basi akachanganya rangi zake na bakelaiti, ile plastiki ya simu za zamani, akazioka kwenye oveni mpaka zikawa ngumu, akaviringisha kitambaa zipasuke, akatia wino kwenye nyufa ufanane na uchafu wa karne. Mwaka 1937 Abraham Bredius, bingwa wa Vermeer wa wakati ule, mzee wa miaka 80 na ushee, akatangaza kwamba ni kazi ya Vermeer na ni bora kuliko zote. Makumbusho ya Boijmans kule Rotterdam ikapata picha ile kwa zaidi ya gilda 500,000. Baadaye nyingine ikafika kwa Göring, yule mkubwa wa Wanazi, naye akatoa picha 137 kubadilishana nayo. Vita ilipoisha Van Meegeren akakamatwa kwa kumuuzia adui mali ya taifa, na ilibidi akiri kwamba ameichora mwenyewe, na ili waamini akachora nyingine mbele ya mashahidi.

Nimeileta hadithi hii kwa sababu ya Bredius. Alikuwa hana njaa ya hela wala hakuhongwa. Aliamini kwa muda mrefu kwamba Vermeer lazima alichora picha za dini ambazo hazijapatikana, na van Meegeren akamletea picha ya dini. Kwa hiyo kabla hujamwita mtaalamu jiulize mwenyewe, mimi natamani nini hapa? Kama umekuwa unawaambia marafiki miaka mitatu kwamba unatafuta kitu fulani, na dalali akatokea na kitu hichohicho, ujue kuna mtu alikuwa anasikiliza. Na mtaalamu umtafute wewe, umlipe wewe, asiwe na asilimia kwenye mauzo, asiwe rafiki wa muuzaji, na mlete wa pili ambaye hajui alichosema wa kwanza.

Ukifika kwenye makaratasi ndipo watu wanalegea kabisa. Wakiona muhuri, wakiona karatasi ya njano, basi. Ujerumani Wolfgang Beltracchi na mkewe Helene walidai wamerithi mkusanyiko wa picha kutoka kwa babu. Helene akavaa kizamani, akakaa mezani, nyuma yake ukutani zikatundikwa zile feki, akapigwa picha ya nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya zamani ya kabla ya vita, wakaionyesha kama picha ya bibi yake na picha zake za ukutani. Wakabandika nyuma lebo za muuzaji mashuhuri Alfred Flechtheim, ambazo mwenyewe hakuwahi kuzitumia. Mwaka 2006 picha moja yenye farasi wekundu, ikiitwa ya mchoraji Mjerumani Campendonk ya mwaka 1914, ikauzwa mnadani Cologne kwa yuro milioni 2.88. Walioinunua wakaomba vyeti vya uhakika, havikupatikana, wakaipeleka maabara, maabara ikakuta nyeupe ya titani. Nyeupe hiyo ilikuja kuuzwa madukani miaka ya 1920. Beltracchi alikuwa amenunua tyubu ya nyeupe ya zinki, ndani yake kulikuwa na titani kidogo na kwenye tyubu haikuandikwa. Mwaka 2011 akafungwa miaka sita.

Na Uingereza ilikuwa mbaya zaidi. John Drewe alikuwa na mchoraji wake, John Myatt, aliyekuwa akichora kwa rangi ya kawaida ya ukutani aliyoichanganya na jeli ya dukani ili iteleze kwenye brashi, picha kama 200. Drewe aliingia kwenye hifadhi za nyaraka za makumbusho makubwa ya London akijifanya mtafiti, akapachika nyaraka zake za uongo ndani ya mafaili, ili mtu mwangalifu kama wewe ukienda kuhakikisha ukute ushahidi umekaa kule unakusubiri. Fikiria hilo. Ni sawa na mtu aingie ofisi ya ardhi abadilishe karatasi ndani ya jalada lako.

Kwa hiyo cheti kisikutoshe. Fuata watu. Kila jina kwenye mlolongo wa umiliki lisimame lenyewe, huyu alikuwa nani, alikaa wapi, aliipata lini kwa nani, kuna picha ya familia, kuna barua, kuna bima, kuna kibali cha kusafirishia nje, kuna ndugu aliye hai anayeikumbuka. Piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, sio aliyokupa dalali. Ukikuta pengo la miaka 30 katikati na jibu ni "familia haipendi kutajwa", hapo ndipo bei inatakiwa kuanguka mpaka iwe bei ya pambo, au uondoke. Kwa wachoraji wakubwa wa Ulaya na Marekani kuna katalogi inayoorodhesha kazi zao zote, angalia kama imo, na kama haimo uliza kwa maandishi ni kwa nini. Kwa wa kwetu, katalogi za namna hiyo ni chache, na ndiyo maana mimi nasema nenda Oysterbay kakae na wazee wa ushirika, wanunulie soda, waonyeshe picha kwenye simu. Wao wanajua nani alichora jicho la swala vile na nani alikuwa anaanza na mkia.

Kitu cha kuchorea nacho kiendane na mahali. Lubumbashi kule Kongo miaka ya 1970 wachoraji wa mtaani kama Tshibumba Kanda Matulu walichorea kwenye vitambaa vya magunia ya unga, kwa hiyo ukiletewa Tshibumba kwenye kanvasi nyeupe ya kiwandani iliyopigwa stepo nzuri, ulizia. Na vinyago vya Kimakonde kwa kifupi, mpingo halisi ni mzito mpaka unazama majini, na mara nyingi utaona mahali utepe wa rangi ya maziwa, ile mbao ya nje iliyo chini ya gome. Kinyago chepesi chenye weusi uliolingana kila mahali kisugue na kitambaa cheupe kilichoguswa mafuta, ukiona kitambaa kimekuwa cheusi hiyo ni dawa ya viatu.

Turudi kwenye hela maana ndiko mtego unakobana. Knoedler walinunua Rothko kwa Rosales kwa dola 950,000 wakaiuza kwa milioni 8.3 mwaka 2004 kwa Domenico De Sole, mtu aliyeongoza Gucci, na ambaye baadaye akawa mwenyekiti wa Sotheby's wenyewe, ile kampuni kubwa ya minada. Mtu wa aina hiyo! Mwingine alinunua Pollock kwa milioni 17, akapeleka maabara ikakutwa na rangi ambazo hazikuwepo sokoni mpaka Pollock alipokwisha kufa 1956. Galari ikafungwa 2011, miaka 165 ya jina ikaishia pale, Rosales akakiri 2013. Sasa jiulize, Rothko halali ina soko dunia nzima, kwa nini mwenye nayo amuuzie mtu wa kati kwa bei ya chini namna ile? Ukiona bei ya kutupa usifurahi, uliza nani anatupa na kwa nini anakutupia wewe.

Dalali akikuambia kuna Mwarabu wa Dubai anaitaka kesho, mwambie ampe tu. Akikuambia usimwambie mtu maana familia itagombana, waambie watu watatu jioni hiyohiyo. Siri na haraka vikija pamoja ni alama mbaya kuliko skrubu na chai vikijumlishwa. Huyo mama wa milioni 14 aliambiwa asimwonyeshe mtu mpaka malipo yaishe, na alitii, mtu ambaye dukani kwake hamruhusu mchuuzi kumharakisha hata kwenye gunia la mchele.

Ukiamua kununua, fanya hivi. Omba ikae kwako au kwa fundi unayemwamini wiki mbili kabla ya kulipa, na ukikataliwa jibu umeshalipata. Lipa kwa benki kwa jina la muuzaji mwenyewe sio la shemeji yake. Andikishaneni mbele ya wakili, na kwenye mkataba yaandikwe maneno haya wazi kabisa, kwamba muuzaji anasema picha hii ni kazi ya mkono wa fulani, ya mwaka fulani, na ikithibitika sio basi anarudisha hela yote, na weka muda mrefu, miaka mitano au zaidi. Usikubali yaandikwe "inadhaniwa" au "ya mtindo wa" halafu bei ikabaki ileile, maneno hayo madogo ndiyo yanayomtoa mtu mahakamani. Bandika kwenye mkataba picha za uso, za mgongo, za pembe zote nne, za saini kwa karibu, ili kesho asije kusema hicho sio kibao alichokuuzia.

Na kama umeshapigwa, usione aibu mpaka ukanyamaza, huo ukimya ndio wanaokula nao. Usiiuze kwa mwingine ili urudishe hela yako, ukijua ni feki halafu ukauza umekuwa yeye. Usiichome wala kuisafisha, huo ni ushahidi, na ile chai ya mgongoni ndiyo ya kwanza. Nenda polisi na mkataba wako au hata ujumbe wa simu tu, peleka taarifa kwa ushirika wa wachoraji maana mara nyingi wanamjua kijana aliyechora na kijana anamjua aliyemtuma. Mama alifanya hivyo mwisho, alipata jina la aliyechora ndani ya siku nne, kijana alilia akamrudishia elfu thelathini yake, akamwonyesha na nyumba ya dalali. Meseji za WhatsApp zipige skrinshoti usiku huohuo unaogundua, kabla hujampigia, kwa sababu akishasikia sauti yako imebadilika anafuta kila kitu.